Uasi Unaoingia Akilini

Jumatatu, 3 Machi

Kalamu Nyekundu, mhariri wetu wa michezo ya redio, amenirudishia kipindi cha kumi na nane chote. Pembeni kaandika: uasi huu hauingii akilini. Miezi minne sasa himaya yangu ya sayari elfu moja inasikika kila Alhamisi jioni — leo ndiyo kagundua haina akili!

Anasema: sayari elfu, majeshi yasiyo na idadi, halafu vijana sita na chombo kimoja kibovu wanaiangusha kabla ya taarifa ya habari. Nani ataamini? Nikamwambia wasikilizaji hawajalalamika. Akasema wasikilizaji wana adabu.

Nimekasirika mpaka chai imenipoa mkononi. Ubaya wake, kasema kweli.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mdogo wangu. Mimba ya miezi minane, anatembea kashika kiuno na kutoa amri. Nikamshtakia mumewe habari za Kalamu Nyekundu. Shemeji ni karani kwenye kambi ya walinzi wa ikulu, karatasi zao zote hupita mezani kwake. Si mtu wa maneno. Leo alikuwa nayo.

Waasi wako wanatoka mbali mno, shemeji, akasema. Mtu wa sayari ya mwisho atafika kachoka, na habari zake zimemtangulia. Himaya haiangushwi na wa mbali. Inaangushwa na anayejua mlango unafungwa saa ngapi. Na huyo hapigani na mlinzi. Anampa likizo.

Likizo vipi?

Waaminifu wote wanapewa mapumziko, mmoja mmoja, bila kuomba. Wanashukuru, wanakwenda kwao. Siku ikifika, zamu nzima ni ya watu wako. Hata risasi hailii. Akanieleza mpaka fomu zenyewe zinavyokuwa.

Mdogo wangu akasema basi na yeye aombewe likizo ya jikoni. Tukacheka, yeye na mimi. Shemeji hakucheka. Mimi nilikuwa naandika nyuma ya bahasha, sikulitilia maanani.

Jumanne, 11 Machi

Nimemaliza kwa kikao kimoja. Karani wa sayari kuu anaona fomu za likizo zinaletwa mezani: za pinki, nakala tatu, sahihi ya pili imegongwa muhuri badala ya kuandikwa kwa mkono. Pinki — redioni! Nani ataiona? Lakini shemeji aliitaja, nami nikaipenda. Kalamu Nyekundu hakugusa hata nukta.

Alhamisi, 13 Machi

Tumekirusha kipindi. Simu hazikukatika. Fundi mitambo kaniambia mwili ulimsisimka. Najisikia vizuri, sitajificha.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji kaja kazini kwangu. Hajawahi. Hakutaka kuingia, tukasimama nyuma ya jengo karibu na mapipa.

Zile fomu umezitia za nini? Nikamwambia, si wewe mwenyewe ulinisimulia? Akasema alidhani nitalivisha jambo nguo nyingine. Kisha akasema likizo zile si hadithi. Tangu mwezi uliopita zimepita mezani kwake thelathini na nne, za watu wasioomba. Amwambie nani, na mkubwa wake ndiye anayezigonga muhuri? Siri ilimkaa kooni, ikamtoka mbele ya sahani ya chakula, kwa mwandishi.

Mimi ndiye niliyemtia humu. Mimi na pinki yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni wawili ofisini. Mnene ni mpenzi wa mchezo, anazijua sayari kunishinda. Kanisahihisha hata jina la moja. Mwembamba alisimama mlangoni. Walisema wanatoka usalama. Usalama wa nani, sikuthubutu kuuliza.

Fomu nimezipata wapi? Kichwani, nikasema. Mnene akasema kichwa changu kinajua mpaka idadi ya nakala, hongera.

Mwanzoni sikujua ni wale wanaowasaka wapangaji au ni wapangaji wenyewe. Swali lingekuwa lilelile, na upole uleule. Kisha akataja anachotaka: Alhamisi hii karani wa mchezo aungame hewani kwamba alizusha yote, na amtaje aliyemtuma. Jina nichague mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mtunzi.

Hapo nikaelewa kuwa ni wapangaji wenyewe. Anayetaka kuuzima uasi hana haja niwaambie watu kwamba haupo. Naogopa. Naandika neno hili kwa mara ya kwanza humu, naogopa.

Jumatano, 19 Machi

Nimeandika ungamo. Ni zuri, Mungu anisamehe. Niliona bora aanguke karani wa hewani, wa kweli apone. Mahali pa jina nimepaacha wazi.

Shemeji hapokei simu. Mdogo wangu anasema kaitwa kazini jana asubuhi, na niache kumtia wasiwasi mtu mwenye hali yake.

Alhamisi, 20 Machi. Saa kumi na nusu jioni

Naandikia kwenye korido ya studio. Mwigizaji wa karani karudishwa nyumbani. Mnene kasema wameleta mtu anayeijua kazi.

Nimemwona kupitia kioo. Shemeji. Kakaa mbele ya maikrofoni, kola imefungwa mpaka juu, karatasi zangu mkononi. Akasoma jaribio, polepole, bila kukosea. Alipofika kwenye ile nafasi akasimama. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote: shemeji, hapa pako wazi, nisome jina gani?

Wamenitoa nje nifikiri. Liwe la mtu wa kweli, kasema mnene, anayepatikana. Likikosekana, shemeji atasoma lake mwenyewe. Tunarusha moja kwa moja saa kumi na moja.

Mdogo wangu anapiga simu. Sijapokea. Nitamwambia nini?

Kalamu Nyekundu kapita na kikombe chake, kaniuliza kama mchezo umekamilika. Nikasema limebaki neno moja. Akanigusa bega, akasema nisihangaike sana, la kwanza kunijia ndilo.

Ana watoto watatu. Nimelijaribu jina lake kwa penseli. Linakaa vizuri kabisa kwenye sentensi.

Zimebaki dakika nne.