Wiki ya Kumwambia Babu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo kanisani Mwinjilisti Stanslaus ametugawia vijana kadi. Andika jina la mtu mmoja ambaye bado hajampokea Yesu, umweleze kabla ya Jumapili ijayo. Kwa mdomo wako mwenyewe! Lilian ameandika jina la shangazi yake, mwimbaji wa kwaya. Nikamwambia, huyo si ameokoka zamani? Akasema ndiyo maana atakuwa rahisi.

Mimi nimeandika: Babu Heche.

Sijui nilipatwa na nini. Mimi ambaye nikisoma taarifa ya habari mstarini shuleni, hata walio mbele wanauliza kama nimeshaanza.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilimwonyesha Mama kadi. Akaacha kupepeta ulezi. Akasema ameokoka miaka tisa sasa, na kila siku anamwombea Babu, lakini hajawahi kumwambia neno. Atamwambiaje? Kwetu mkamwana haingii kwa baba mkwe wake, haketi naye, hamtazami usoni. Chakula chenyewe napeleka mimi.

"Wewe unaingia," akasema. "Wewe anakutania."

Hilo ndilo tatizo, Mama! Kwa Babu mimi ni "mke wangu" tangu nizaliwe. Kila nisemacho ni utani.

Nimeandika hoja saba kwenye karatasi. Ya tatu ina vipengele (a) mpaka (d).

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda. Nikaamkia, nikakaa, nikafungua karatasi. Nikasema, Babu, nimekuja kukuambia habari za Yesu.

Akanitazama kwa ukali. (Anasema Kikurya, mimi naandika Kiswahili.) "Mke wangu! Unanitajia mwanamume mwingine ndani ya nyumba yangu?"

"Babu—"

"Ana ng'ombe wangapi?"

Hilo halikuwa kwenye hoja saba. Nikasema ng'ombe wote wa dunia ni wa Baba yake. Babu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akamwita Mzee Tomaso wa jirani aje asikie jinsi tajiri alivyomnyang'anya mke. Mzee Tomaso naye akauliza kama huyo tajiri ana dada.

Nikakimbia. Karatasi ilibaki kule!

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la hesabu: 41. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nilimsaidia Babu kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Yeye anashika pembe, mimi bomba. Sikutaja kitu. Nilishaamua kumwambia Mwinjilisti nimeshindwa.

Tulipofika kwa yule ndama mwekundu, Babu akauliza, bila kucheka: "Hata huyu ni wa Baba yake?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi?"

Nikasema na wewe, Babu. Anakujua kwa jina, na alimtuma Mwanawe kwa ajili yako. Basi. Maneno hayo tu! Hoja zote saba nilizisahau.

Akamwachia ndama. Kisha akauliza haya nimeyajulia wapi. Nikasema kwa Mama, anajua kuliko mimi.

"Miaka yote hii anajua, na hajaniambia?"

Nikasema, Babu, atakuambiaje? Akatikisa kichwa. Hata yeye alijua jibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa hapa jikoni, daftari gotini. Lazima niandike!

Babu ameleta kigoda chake nje ya ukuta wa jiko. Amekaa ametugeuzia mgongo. Akaniita: "Mke wangu, mwambie mama yako akueleze WEWE habari zile. Mimi naota jua tu."

Mama aliangusha mwiko. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ambayo ingefika Sirari mpakani. Kwamba Mungu alimtafuta yeye kabla yeye hajamtafuta. Kwamba alisamehewa bure. Mara moja Babu ameniagiza: "Mwambie asiende mbio." Nikamwambia, ingawa alishasikia.

Sasa Mama anatokwa machozi. Amesema: "Wegesa, Mungu alinisamehe mimi, lakini mimi sijamsamehe mzee wa mji huu."

Mama!!

"Muulize, kwa lipi?" — Babu.

Nimeuliza. Mama anasema, yeye alipobatizwa, Babu alikataa chakula alichopika kwa wiki nzima. Kila jioni alirudisha ugali ukiwa na kifuniko chake, akaenda kula kwa Mzee Tomaso. Na yeye Mama kila jioni akausonga tena.

Nimefungua mdomo nimpelekee Babu maneno hayo. Hajanisubiri.

"Nilikosea," amesema ukutani. "Na kwa Tomaso walikuwa hawaivishi ugali."

Mama amecheka! Amejifunika uso kwa kanga, anacheka na kulia pamoja. Nje Babu anakohoa kile kikohozi chake cha kicheko.

Kigoda kimeburutwa. Amegeuka. Sauti yake sasa inaingia moja kwa moja kwenye matundu ya ukuta, na haniiti mimi:

"Mama Wegesa. Huyo anayesamehe. Ukitaka kusema naye, unaanzaje?"

Mama ananitazama. Natikisa kichwa — mimi siulizwi. Ananyanyuka, anasogea ukutani, anamjibu yeye mwenyewe: "Unaanza na 'Baba'."