Sauti ya Jenerali Masizi

Jumamosi, 14 Juni

Sehemu ya saba ya katuni leo. Kibanda cha video kilijaa hadi watoto wakapakatana. Mimi nyuma ya pazia kama kila Jumamosi, juu ya kreti ya soda, magoti yakigusa mgongo wa Otim. Katuni inazungumza Kiingereza cha haraka, na Otim, kaka yangu, aliacha shule kidato cha pili. Kwa hiyo mimi nasikiliza, namnong'oneza maana, yeye anairusha kwenye maikrofoni. Nikinong'ona, "Wamezingirwa," yeye anapiga kelele, "Bannange, jamani! Leo wamekwisha! Huku jeshi, huku jeshi, na Sela ana mbuzi moja tu!"

Watu wanasema kati ya viijei, hawa wanaotafsiri filamu kwa maikrofoni, Otim ndiye bora mtaa mzima wa Bukoto. Ni kweli. Mimi Kiingereza ninakijua na nisingeweza kusema hata neno moja mbele ya wale watoto.

Hakuna anayejua kuwa nipo pale, isipokuwa Hajji mwenye kibanda. Napenda hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani, kisha kufua. Unipoti yetu ilichemka kama sufuria. Nyumba ya bati ya mviringo, watu wanne, pazia moja katikati. Nimesoma nje, kivulini, mgongo ukutani kwa jirani.

Nimekuwa nikifikiria ile katuni zaidi kuliko vitabu vya shule. Sela ana miaka kumi na nne. Jeshi la Masizi, askari waliofinyangwa kwa moshi, linapita kijiji hadi kijiji likizima kila jiko. Likishazima jiko, watu wa nyumba ile wanasahau wao ni nani. Sela na wenzake wamekimbilia mlimani na kaa moja la moto ndani ya chungu. Wana mbuzi mwenye mabawa. Wakati wote wana njaa. Kiingereza kinawaita jina ambalo mimi nililitafsiri "waasi", na watoto wa kambi yetu ya polisi sasa wanacheza waasi kutwa kucha kati ya unipoti na bomba la maji.

Kiongozi wa jeshi ni Jenerali Masizi. Ana kofia ya chuma isiyoonyesha uso. Otim amempa sauti ya Baba.

Siyo kwa kufanana tu. Ni Baba mwenyewe. "Simama hapo! Nani amekupa ruhusa? Nimeuliza, nani?" Hata kile kikohozi kifupi kabla ya amri. Baba ni sajini. Hata chumvi anaiomba kwa amri. Nilipomuuliza Otim kwa nini, alisema, "Mimi sijui sauti ingine kubwa kama hiyo. Ile ndiyo sauti nzuri kuliko zote hapa kambini." Hakuwa anatania.

Jumatano, 18 Juni

Baba amesema tena tukiwa tunakula posho. Usajili wa polisi ni mwezi ujao, na Otim aende. Mtoto wa kwanza wa askari hafundishwi na mtu mwingine njia ya kwenda uwanja wa gwaride. Otim akasema, "Ndiyo, Baba," akaendelea kula.

Baadaye, bombani, akaniambia hatakwenda. "Mimi nitavaa buti nisimame barabarani na filimbi? Wewe Aber utanong'oneza nani?"

Nilicheka. Lakini nilirudi na ndoo nikiwaza. Akienda, sina mtu. Nikiandika hivyo inaonekana kama nadeka, lakini ndivyo ilivyo. Darasani naitwa Maktaba. Otim peke yake huniuliza ninafikiri nini, na husubiri jibu.

Ijumaa, 20 Juni

Baba leo alifurahi. Sijui nani kamwambia kwamba mwanawe anajaza kibanda hadi watu wanakaa dirishani. Alimuuliza Mama, "Kweli?" mara mbili. Mama akamwambia aende mwenyewe aone.

Sikumwambia Otim. Nilidhani Baba hatakwenda. Hajawahi kuingia kibandani.

Jumamosi, 21 Juni

Baba alikwenda.

Sikumwona. Niko nyuma ya pazia, naona mgongo wa Otim na ukingo wa televisheni. Sehemu ya nane. Jenerali anaingia kijijini kwa Sela, anasimama juu ya jiko la bibi yake. Nikanong'ona, "Anawaambia watoke nje wote." Otim akakohoa kile kikohozi. "Simama hapo! Nani amekupa ruhusa ya kupika? Zima! Nimesema zima!"

Watoto wakacheka. Kisha kicheko kikabadilika. Kikaelekea nyuma. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Afande Masizi mwenyewe huyu hapa!" Kibanda kizima kikapasuka. Nikafunua pazia kidogo.

Baba amesimama mlangoni na sare yake, kofia mkononi. Ameinyoosha sare kwa pasi. Nilimwona asubuhi akipiga pasi na sikujiuliza kwa nini.

Otim aliteremsha maikrofoni. Kwenye televisheni Sela akaruka juu ya mbuzi, na watoto, hata bila viijei, wakaanza kupiga mabenchi, "Waasi! Waasi! Waasi!" kama wafanyavyo kila wiki. Baba aliwatazama mmoja mmoja. Wengi ni watoto wa wenzake kazini. Akavaa kofia. Akatoka.

Hajji alizima jenereta, akasema mafuta yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Jumapili, 22 Juni

Nilitarajia mkanda. Nilitarajia kelele itakayosikika hadi langoni. Ingekuwa afadhali.

Baba alikunywa chai. Akamtazama Otim, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Ndivyo mnavyonisikia?"

Otim akasema, "Baba, ilikuwa mchezo tu."

"Sikuuliza kama ni mchezo."

Akaenda kazini. Ni Jumapili na hakuwa na zamu.

Jumatatu, 23 Juni

Mama ametuambia. Alisubiri Baba atoke, akatuketisha kitandani, wote wawili.

Baba alikuwa na mdogo wake, Olara. Sisi tulijua alikufa. Tulidhani ni ugonjwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema. Waasi walikuja kijijini kule kaskazini, wakachukua watoto. Baba alikuwa amekwenda kuchunga na Olara alikuwa nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na nne. Hakurudi. Mtu mmoja aliyetoroka alisema alimwona akiwa hai, kisha hakuna mwingine aliyesema lolote. Baba akawa askari kwa sababu hiyo, na sauti ile akaipata huko huko, kwa kujilazimisha. Mama anasema alipomjua alikuwa mpole, ukimwita unarudia mara mbili ndiyo usikie jibu.

Na sisi tumemsimamisha mlangoni akasikiliza watoto mia wakiwashangilia waasi, na yeye ndiye jeshi baya.

Otim alikaa ameshika magoti. Nilisema neno "waasi" ni langu, mimi ndiye niliyemnong'oneza. Akasema, "Nyamaza, Aber." Hakusema kwa ukali. Akatoka, akaenda kukaa nyuma ya choo mpaka jua likazama.

Alhamisi, 26 Juni

Baba hapigi kelele tena. Nataka kuandika jinsi ilivyo na nashindwa. Anasema, "Naomba chumvi." Anasema, "Samahani," akitaka kupita. Watoto wa kambi bado hawajui. Akipita wanakakamaa, wanapiga saluti, wanasema, "Afande Masizi, tunaomba ruhusa ya kwenda choo!" Zamani angewakimbiza na wao wangefurahi. Sasa anatikisa kichwa kuwaruhusu na kuendelea kutembea.

Mama anasema hata kwenye gwaride amepokonywa kutoa amri. Askari wa nyuma hawamsikii.

Jumamosi, 28 Juni

Hakuna katuni. Otim hakwenda. Hajji alikuja hadi mlangoni, Mama akamwambia mtoto anaumwa. Hajji ni Mnubi, babu zake wote wanajeshi, alielewa bila kuuliza. Akaacha chapati mbili zilizokunjwa na mayai, yangu na ya Otim. Otim hakula. Mimi nilikula zote mbili na nikajichukia.

Jumanne, 1 Julai

Otim amejisajili. Hakumwambia mtu. Aliamka kabla yetu, akavaa suruali ya kanisani, akasimama kwenye foleni na vijana wote wa kambi. Alirudi mchana na vumbi hadi kwenye nyusi, polisi wamewakimbiza kuwapima.

Baba aliposikia alikaa chini. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Sikukulazimisha." Otim akasema, "Najua." Baba akasema, "Unaweza kukataa. Bado unaweza." Otim akasema, "Najua, Baba."

Walibaki hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake njia ya kutoka, na hakuna aliyetoka. Nilitaka kupiga kelele. Nilichemsha maji.

Ijumaa, 11 Julai

Amechaguliwa. Jina lake limebandikwa langoni. Majirani walikuja kupongeza. Mama alipiga vigelegele, kisha akaingia ndani kwa muda mrefu.

Shuleni tumepewa insha: mtu ninayemstahi. Nimeacha karatasi tupu. Mwalimu aliuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwomba Otim asiende. Nimejizoesha siku nzima namna ya kusema, na nilipofika kwake yote yakanitoka, nikabaki na "usiende" tu, mara tatu, kama mtoto.

Akasema hawezi kurudisha kile Baba alichosikia. Anachoweza ni kusimama upande wake ambapo watu wote watamwona. Nikamwambia kwamba Baba hataki hivyo, Baba anamtaka hapa. Akasema, "Basi mwambie aniambie."

Nilikwenda hadi kwa Baba. Alikuwa anapaka buti rangi. Buti za Otim, mpya. Mimi ninayenong'ona kila Jumamosi, sikuweza hata kunong'ona.

Jumamosi, 26 Julai

Lori lilikuja asubuhi. Vijana wengi, mabegi, magodoro yaliyofungwa kamba. Otim alinyolewa jana na masikio yake yamekuwa makubwa. Alinikumbatia haraka kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama. Baba alimpa mkono. Wote wawili walitaka kusema. Dereva akapiga honi.

Nimelala mchana kutwa upande wake wa pazia. Mto una harufu ya mafuta yake ya nywele. Nywele zenyewe hana tena.

Jumamosi, 2 Agosti

Hajji ameonyesha sehemu ya mwisho. Hana viijei. Alijaribu kumleta mmoja kutoka Kansanga, huyo akataka pesa nyingi. Kwa hiyo ikawa Kiingereza kitupu.

Hajji alinitazama, akaielekezea macho ile kreti nyuma ya pazia. Nikatikisa kichwa. Nilikaa kwenye benchi na watoto, mara ya kwanza.

Nilielewa kila sentensi. Jeshi la Masizi limezunguka mlima. Kaa la Sela limebaki dogo kama jicho. Anashuka peke yake, anaweka chungu chini mbele ya Jenerali, anamwambia apashe mikono moto. Jenerali anavua kofia ya chuma. Ndani kuna mzee. Anauliza hapa ni wapi, na jiko la kwao liko upande gani. Sela hajui. Hakuna anayejua, watu wa kijiji cha mzee aliwasahaulisha yeye mwenyewe. Wanakaa pamoja kusubiri kukuche.

Watoto hawakuelewa kwa nini Jenerali hapigwi. Walizomea. Wengi walitoka. Msichana mdogo kando yangu alinivuta mkono, "Dada, anasema nini?"

Nikasema sijui.

Kwa nini nilisema sijui? Nililia njia yote na watu wakanitazama.

Jumapili, 24 Agosti

Otim amepiga simu leo mchana. Wanaruhusiwa dakika chache, wanapanga foleni kwa simu ya mwalimu wao. Mama alizungumza kwanza, akamuuliza chakula, akamuuliza malaria, akampa Baba.

Baba aliweka spika. Akasema, "Otim."

"Ndiyo, afande."

Haikuwa mchezo. Wiki nne amefundishwa kujibu hivyo kila sauti ya mwanamume, imemtoka yenyewe. Baba alifumba macho.

"Mimi si afande wako," alisema. "Mimi ni baba yako. Umekula?"

Nyuma ya Otim watu wanahesabu hatua. Kisha, "Nimekula, Baba."

Nikapewa simu. Sauti yake imekauka kwa kupiga kelele gwarideni, nisingeitambua. Aliniuliza ninasoma nini. Nikamwambia jina la kitabu. Akaniambia niendelee, anasikiliza. Nikamweleza ukurasa wa kwanza kwa sauti ndogo, mdomo karibu na simu, mpaka ikakatika.

Baba alikuwa bado amesimama pale. Akaniuliza kama kuna chai. Nikamwekea.