Itongo Si Matongo

Gatete, Rumonge
Kiangazi, siku ya upepo mwingi

Kaka yangu Shabani,

Assalaam aleykum, wewe na wote waliokuzunguka unaposoma haya. Najua husomi kitu peke yako: utakuwa umekaa barazani hapo Tabora, miwani puani, wifi anachungulia begani, na Mama anasema, "Soma kwa sauti, na usiruke." Basi usiruke. Mama, shikamoo. Magoti yanasemaje? Wifi, kile kikohozi kimekuachia nafasi ya kulala? Sisi huku tu wazima, mimi na wajukuu wa Mama, Mariamu na Hadija. Mimi nimekonda. Nimeandika hivyo ili mnionee huruma, ila gauni la Idi limekataa kufunga zipu, kwa hiyo hilo moja msiliamini. Mengine yote yaaminini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Mimi nikisema "Kaka", wewe umeshasema "Nisikilize." Karatasi hukatizi. Ukitaka kunijibu katikati, jibu, wifi atakusikia.

Nianze na neno lililowaliza. Siku ya Idi nilimtumia Mama ujumbe wa sauti, nikasema, "Mama usiwe na wasiwasi, tuko kwenye itongo letu, tunaishi vizuri." Huku, kaka, itongo ni ardhi ya nyumbani, ile ambayo mtu kaachiwa na babaye, analima, anajenga, anazikwa. Mtu wa huku akitaka kukujua hakuulizi kabila wala kazi, anakuuliza itongo lako liko wapi. Nimelitumia neno hilo miaka yote hii hata nikasahau kwamba kwetu ni jina la mahame. Nyumba imeanguka, watu wamekufa au wamehama, limebaki jiwe la kusagia na mpapai uliojiotea wenyewe. Kumbe Mama alisikia kwamba binti yake mjane analala kwenye matongo na wajukuu zake! Mariamu aliponieleza kwa nini bibi yake analia, Hadija alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana niliambiwa mmeshakaa kikao, na mmekata shauri kwamba mvua zikianza unakuja kunichukua.

Ahsanteni kwa upendo. Lakini kikao cha kunihamisha mimi, walikuwepo wote isipokuwa mimi. Hata jirani yenu muuza asali alipewa kiti.

Basi ngoja nikuambie hayo matongo yangu yanavyokaa kiangazi hiki. Unakumbuka marehemu Rashidi aliponitoa kwetu akanileta kwao, waligawana ardhi ya baba yao na mdogo wake Yusufu. Yusufu akachukua kipande cha juu, kilicho kando ya lami, akajenga maduka. Rashidi akachukua kinachoteremka mpaka kijitoni. Juu ni michikichi, katikati ni mihogo na migomba, chini ni tope jeusi ambalo masika hulimi, unazama tu. Lakini jua likikaa sawasawa tope lile linakauka kiasi, na ndipo tunapopiga matuta. Tumepanda lengalenga, huo mchicha wenu, vitunguu, nyanya, na ile nyanya chungu ndogo ambayo Mama angeipenda kwa dagaa.

Asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, tunashuka na arozwari, hizo ndoo za kumwagilia zenye mdomo wa matundu. Mimi nachota, mabinti wanamwagilia. Mwili wangu na ukingo wa kijito havijawahi kupatana. Juzi nilichutama, nikajaza, nikasimama kwa maringo, ukingo ukaondoka na mimi juu yake. Niliingia majini nimekaa, arozwari kichwani, maji yananimwagikia taratibu kama mche. Mariamu wala hakunipa mkono. Alisimama akasema, "Maman, lengalenga iko upande huu."

Jua likipanda tunahamia kwenye mihogo: tunamenya, tunaloweka, tunaanika juu ya mwamba, na mmoja lazima akae na fimbo kwa sababu ya mbuzi wa jirani yangu Godeliva, mbuzi mwenye roho ya mwizi na macho ya sheikh. Kiangazi michikichi haizai sana, lakini vishada vichache vinavyoiva tunavikata, tunavichemsha, tunavipeleka kwenye mashine ya kukamua mafuta. Nikisema mashine usifikirie umeme. Ni pipa lenye nguzo, na nguzo unaisukuma kwa kifua ukizunguka. Mimi na Godeliva tunasukuma upande mmoja. Hapo ndipo habari zote za Gatete zinapopatikana, na ndipo niliposikia kwamba habari yangu imeshafika huku.

Godeliva aliniuliza, anasukuma, anahema, "Mama Mariamu, ni kweli unatuacha?"

"Nani kasema?"

"Yusufu. Iko anasema kaka yako alimupigia simu. Anakuja kukubeba."

Kaka. Ulimpigia Yusufu kabla hujanipigia mimi. Najua ulitaka kuwa mstaarabu, ulizungumza na mwanaume wa upande wa mume kama adabu inavyotaka. Ila nilisimama pale, nguzo ikaniacha, ikazunguka, ikanigonga mgongoni, na hata sasa nikikohoa nakukumbuka.

Usimfikirie Yusufu kuwa mtu mbaya. Alibeba jeneza la kaka yake, na Ramadhani hasahau kutuletea sukari. Lakini ana hamu ya kile kipande cha chini. Mwanzo wa kiangazi aliteremka na mgeni mmoja mwenye viatu vya kung'aa, wakapima ukingo kwa hatua, mgeni akinyoosha mkono: hapa vyumba, hapa viti vya wageni wa kutazama ziwa. Niliwatokea na jembe begani. Sikulibeba kwa vita, nilikuwa natoka nalo tu, lakini mgeni alirudi nyuma akakanyaga tope, kiatu kikabaki humo.

"Shemeji," Yusufu akasema, "hii pahali inalala bure. Wewe iko mwanamuke pekee, na batoto ni babinti, wataolewa. Na wewe si mutu wa huku. Kwenu ni Tabora."

"Nimezaa huku, nimezika huku," nikamwambia. "Nikuoneshe kaburi au unalijua?"

Akainama, akamsaidia mgeni kutafuta kiatu. Lakini uliponipangia safari yangu, kaka, ukampa maneno aliyokuwa anayatafuta. Alikwenda kwa bashingantahe, wale wazee wanaosuluhisha mambo ya ardhi kabla hayajafika tribinali, yaani mahakamani, akawaambia huku chini hakuna mtu, na mjane wa kaka yake anarudi kwao, kwa hiyo itongo lirudi kwa wenyewe. Nao wakaja kuangalia, wazee watatu, Yusufu mbele akiwaonesha njia kama vile hawakuzaliwa hapa.

Walinikuta matutani, miguu yote tope, kilemba kimeteleza. Nikawaamkia, amahoro, nikaagiza ndizi mbivu na maji. Mkubwa wao, mzee Stefano, ambaye haongei mpaka atafute mahali pa kuweka bakora, akaniuliza kwa Kirundi, "Itongo ryawe riri hehe?" Yaani itongo lako liko wapi.

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo usiku na mchana. Nilikuwa nimelitengenezea jibu zuri mno, la kuweka kwenye kanga. Nikajinyoosha nikasema, "Mzee, kwetu Tabora kuna matongo. Hapa ndipo penye itongo."

Nilidhani watapiga makofi. Wakatazamana. Yusufu ndiye aliyepiga makofi.

"Mumesikia na masikio yenu! Iko na matongo kwao! Si moja, ni mengi! Anataka na hii tena ya nini?"

Kaka, ulimi huu utanizika. Kwao matongo ni itongo zaidi ya moja! Nilikuwa nimejitangaza mbele ya baraza kuwa tajiri wa mashamba ya Tabora. Mariamu alijifunika uso na kanga. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, nikachanganya Kirundi, nikaongeza na mikono: nyumba ya bibi yetu iliyoanguka, jiwe la kusagia, mpapai, bundi. Nililia hata sauti ya bundi. Nadhani sasa kuna wazee watatu Gatete wanaoamini Tabora tunafuga bundi.

Mzee Stefano alinisikiliza hadi mwisho, uso hautikisiki. Kisha akauliza, "Sasa kwenu, mutu akikuuliza itongo yako, ni kama amekutukana?"

"Ni kama ameniombea kifo, mzee."

Akaanza kucheka kutoka tumboni, bakora ikaanguka, wenzake wakamfuata, hata Godeliva aliyekuwa akisikiliza nyuma ya migomba akatoka kabisa ili acheke vizuri. Yule mzee akafuta macho, akamgeukia Yusufu.

"Wewe ulituambia hapa hakuna mutu. Hii lengalenga ilipandwa na nani? Na bundi?"

"Mzee, anaondoka. Kaka yake alisema."

"Kaka yake alisema. Yeye amesema nini?"

Wote wakanitazama. Na hapo, kaka, sikuwa na utani tena. Nikasema siendi. Nikasema niliondoka kwetu mara moja, kwa ndoa, na sina safari nyingine. Nikasema mabinti wangu wataolewa wakipenda, na wakiolewa watakuja hapa kuzaa na hapa kugombana nami, na atakayetaka kuweka viti vya kutazama ziwa aviweke kwenye kipande chake, ziwa linaonekana hata kutoka barabarani. Sauti ilitetemeka, siwezi kukudanganya. Lakini ilitoka.

Wazee wakanong'onezana. Uamuzi wao ni huu, nauandika waziwazi ili uelewe kilicho mkononi mwako. Watarudi mvua za kwanza zikianguka. Wakinikuta hapa, maneno yameisha, na Yusufu hatayarudia. Wakikuta watu wa kwetu wamenichukua, basi nimeacha mwenyewe, na mabinti hawana pa kusimama.

Yusufu, wakati wa kuondoka, akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, kaka yako akifika Kabonga, pale mpakani, anipigie. Nitamutumia gari." Mafuta ya gari siku hizi tunayatafuta kama dawa, maduka yake mwenyewe yanaletewa mizigo kwa baiskeli. Lakini mafuta ya kunihamisha mimi anayo.

Unaona sasa? Wewe unakuja kuniokoa, yeye anakuandalia gari. Ukishuka hapa na begi langu mkononi utakuwa umemfanyia kazi ambayo baraza zima limemkatalia. Najua umri wangu, najua sina mume wala mtoto wa kiume, najua nachekwa nikianguka kijitoni. Hayo yote nayajua kuliko kikao chenu. Wala siombi ruhusa. Nakupa habari.

Ila usikae huko ukanune. Njoo. Mvua zikianza, njoo na Mama, ikiwa magoti yatamruhusu. Usimpigie Yusufu. Ukivuka Kabonga panda pikipiki, nitalipenda sana hilo, wewe na tumbo lako nyuma ya kijana wa watu mpaka Gatete. Mkae hapa, mle lengalenga, Mama alale kitanda changu. Wazee wakirudi wawakute mmekaa uani kama wageni wa heshima, kisha wawaone mnaondoka, nami nimebaki nawapungia mkono. Baraza halitahitaji shahidi mwingine.

Barua hii anaileta mama mmoja muuza mawese anayevuka kwenda Kigoma, naye atamkabidhi mpwawe wa kwenye treni. Pamoja nayo kuna kidumu cha mafuta niliyoyasukuma kwa kifua changu. Wifi, usiyapikie mandazi, ni ya kisamvu. Msalimie Mama mdogo, mke wa Baba mdogo, na umwambie sijasahau kwamba yeye peke yake kwenye kikao aliuliza, "Zaituni mwenyewe anasemaje?" Msalimieni mpwa wangu fundi cherehani, nina zipu ya kumwonesha. Na yule muuza asali, naye msalimieni, kwa kuwa keshakuwa mtu wa ukoo. Mariamu na Hadija wanabusu mikono ya bibi yao, na wanauliza kama ni kweli mjomba anaogopa mitumbwi.

Kaka, ukienda stesheni, kata tikiti za kuja mbili na za kurudi mbili, yako na ya Mama. Karani, maana naye najua umeshamwambia unakuja kunichukua, akikuuliza mbona hukati na ya dada yako, mwambie umemuuliza mwenyewe, na yuko kwake.

Mdogo wako akupendaye na asiyekutii,

Zaituni