Mgomba wa Nyakundi

Mpendwa Kemunto,

Sisi tu wazima, na ng'ombe amezaa. Tangu tumzike babu yako nyumba imekuwa kimya, kwa hiyo swali lako limenifaa.

Umeuliza maana ya "exhume". Ni kufukua maiti. Mwalimu wetu alisema neno hilo ni la Kilatini: "ex" ni kutoka, "humus" ni udongo. Ndiyo maana ile "h" huandikwa, hata wengine wasipoitamka.

Mimi nililiona kwenye kibali cha kumleta kaka yangu Nyakundi. Alipotelea Kericho. Tulingoja mwaka mzima, kisha, kama ilivyo desturi kwa aliyepotea, tukazika mgomba badala yake. Baadaye kaburi lake likajulikana huko, na mama alitaka jambo moja tu: mwanawe alale nyumbani.

Ilibidi kwanza tufukue lile kaburi la mgomba ili apate nafasi. Baba mdogo akaacha kuchimba ghafla.

"Nani alizika mgomba na mizizi yake?"

Mle udongoni mgomba ulikuwa umechipua. Chipukizi lilikuwa jeupe, refu kama mkono, limepinda kuelekea mlango wa mama.

"Ukatwe," akasema baba mdogo.

"Thubutu!" mama akajibu. "Mwanangu yuko njiani kuja nyumbani, nawe unataka kumkata miguu?"

Tukauhamishia karibu na jikoni, Nyakundi akalala mahali pake. Nilipoolewa nilikuja na chipukizi lake; mgomba huo ungalipo hapa, na hakuna anayekula ndizi zake. Tangu babu yako aondoke, kila jani jipya huinama upande wa kaburi lake. Asubuhi mimi huwaamkia wote wawili, Nyakundi na babu yako, ndipo naenda kuchuma majani chai.

Ukija, nawe uwaamkie.

Nyanya yako