Mama Mtoto Amekataa Kabati

Mshauri mpendwa, nitazame kwa jicho la huruma, maana nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kabati ambalo mzazi mwenzangu amelikataa mlangoni majirani wakiangalia. Mimi ni seremala, nimejiajiri, yeye ni karani wa posta, mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi hata akiugua mafua, mimi mteja akiingia mitini ndiyo basi tena, na tulipoachana tulikubaliana kila mmoja amtunze binti yetu kwa anachopata, sasa mimi napata mbao, kwa hiyo nimeshampelekea kitanda, meza ya kusomea, rafu, stuli na sanduku la viatu, na kila kitu nakwenda kukiunganisha mwenyewe, nashinda hapo kutwa, binti ananishikia misumari tukipiga soga, mama yake ananiletea chai, yaani raha mustarehe. Juzi nimefika na kabati la nguo, mama mtu akaziba mlango akaniambia, "Fundi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa pesa ya chakula cha shule. Nimpe droo akalipie?" Mama mkwe wangu wa zamani akacheka mpaka akakaa chini. Sasa wananipeleka ustawi wa jamii. Je, kabati la mvule si matunzo?

Fundi, pole, lakini kwanza shuka kwenye hilo kabati. Ukienda buchani unalipa kwa stuli? Na huyo karani akimlisha mtoto stempu, utasema ametunza? Kipato chako hakina tarehe, lakini kipo. Wateja wanakupa malipo ya awali kabla hujashika randa. Humo humo toa fungu la binti kabla hujanunua gundi, mtumie mama yake kwa simu. Mwezi ukikauka, mwambie mapema. Ustawi wa jamii usingoje kuitwa, nendeni wote wawili mkaandikishe kiwango. Hilo kabati liuze leo, mtoto arudi shule.

Sasa nikwambie ambalo hukuliandika. Pesa ikitumwa kwa simu, hakuna anayekufungulia mlango. Kabati huliunganishi kwa dakika mbili, na kutwa nzima binti yuko ubavuni mwako. Umemjazia mtoto nyumba mbao kwa sababu umemkumbuka, naye sasa ana kila mahali pa kukaa ila hana cha kula. Mwombe mama yake siku ya kumwona binti, mwambie waziwazi kwamba unamkumbuka. Siku hiyo ikifika, nyundo iache kazini.