Urais wa Zamu, na Mama wa Zamu

Ijumaa, Agosti 2006

Leo unyevu umezidi Maskati hadi vioo vya gari vinatoka jasho kwa nje. Hata hivyo nimeamka na hamu. Wiki nzima nasoma habari za Komoro, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kushangaa.

Nchi ndogo ile ina marais wanne. Ngazidja, Nzwani na Mwali, kila kisiwa kina rais wake, na juu yao yupo rais wa Muungano, anayetoka visiwani kwa zamu. Mwaka huu zamu imehama Ngazidja kwenda Nzwani. Mambo ya nje, sarafu na ulinzi ni ya Muungano. Kisiwa cha nne, Maore, kiko mikononi mwa Mfaransa, lakini nyota yake imo kwenye bendera ya Komoro na katiba inakitaja kuwa chao.

Sasa rais huyo anazungumzaje na Mfaransa? Mkono mmoja unaomba msaada, mwingine unadai kisiwa.

Kichwani nilikuwa nimeshaandika makala nzima ya kuuponda urais wa zamu. Na mtu wa kuijaribia nilikuwa naye: shemeji Abdu, mume wa mdogo wangu Rahma, Mngazija mwenye gereji mtaa wa Wadi Kabir, hapa hapa Maskati. Nilikuwa naenda kwao kula chakula cha mchana na kumchukua Mama. Miezi minne yake kwa Rahma imekwisha. Sasa ni zamu yangu, mtaa wa Ghubra, kisha ya kaka Nasser, mtaa wa Qurum.

Nilianza kabla watu hawajanawa. Nikasema urais wa zamu ni kuukubali mgawanyiko na kuupa kiti cha kukalia. Abdu akaendelea kupakua wali.

"Shemeji, na nyie na mama yenu je? Mna visiwa vitatu, na Maore yenu iko London."

Rahma akacheka mpaka akapaliwa. Ndugu yetu wa mwisho yuko London miaka mingi, na bado tunamhesabu katika kila uamuzi.

Nikamwambia Abdu hayo mambo si mamoja.

"Si mamoja kweli. Sisi angalau tulipigishwa kura. Mama kapigishwa lini?"



Basi nikamgeukia Mama pale pale, nakiri, kwa udadisi zaidi kuliko huruma. Nikamuuliza anataka kukaa wapi.

"Hapa," akasema, bila hata kufikiri. "Nnaamka usiku sijui mlango wa choo uko upande gani. Nnapapasa ukuta wa Qurum, kumbe niko Ghubra."

Hili sikulijua.

Nikauliza kwa nini isiwe kwangu, kwenye chumba kikubwa chenye choo chake.

"Kwako, mwanangu, kila chakula mkutano."

Nikamtazama Abdu, nikitumaini yeye atakataa. Nyumba yao ni vyumba viwili.

"Kwetu Ngazidja nyumba ni ya mwanamke," akasema. "Muulize Rahma."

Rahma alikuwa keshalifungua sanduku la Mama, anarudisha kanga kabatini.

Nimerudi Ghubra peke yangu. Kitanda nilichomtandikia asubuhi kiko vile vile, na imeniuma kuliko nilivyotarajia. Nimempigia Nasser. Akauliza nani kaamua. Nikamwambia, Mama. Akauliza tena, nani kaamua.

Makala sijaiandika. Kwanza nataka kujua Wamwali, wenye kisiwa kidogo kuliko vyote, walikuwa wanataka nini hasa, na kama kuna aliyekwenda kuwauliza.

Kesho nitakusanya vitu vya Mama vilivyobaki kwangu, nipite Qurum kuchukua vya huko, nivipeleke vyote Wadi Kabir. Nasser akitaka ugomvi, agombane na mimi, huko huko Qurum, Mama asisikie.

Kazi hiyo naiweza.