Ndege Anazozipanga Nafula

Mama mpendwa,

Huku mtaani Donholm kuna baridi, na dada Nafula amenilisha omena, wale dagaa wadogo, mpaka nimeinua mikono. Leo tulikuwa tunaanika nguo juu ya paa, ndege ikapita. Nafula akaitazama akasema, "Hiyo ni yangu. Mafuta na njia yake nilipanga asubuhi." Pegi zikaniponyoka! Mama, kazi yake ni kupanga safari za ndege akiwa ofisini uwanjani, na rubani haondoki mpaka Nafula atie sahihi. Mtihani wa leseni alianguka, akarudia, akapita. Sasa mshahara wake unalipia nyumba hii, na anasomea kuwa mkuu wa zamu. Lakini mwenyewe hajawahi kupanda ndege.

Kwa hivyo Ijumaa ukifunga na kusali, usiombe tena Nafula asianguke kutoka angani. Hayo waombee abiria. Yeye mwombee mkono usitetemeke anapotia sahihi.

Nakukumbuka sana,
Wafula